Michezo ya Mwaka 1908 na Kazi ya Mwamuzi

Wengi wenu mliokuwapo uwanjani muhula uliopita, siku ya mashindano ya mabweni, mnakumbuka yaliyotokea katika mbio za mita 5,000. Kwa wale wasiokuwapo, nitaeleza kwa ufupi. Kijana wa bweni la fulana nyekundu aliwaongoza wenzake tangu mzunguko wa tatu. Jua lilikuwa kali, na saa nane mchana si saa ya kukimbia mbio ndefu. Alipofika kona ya mwisho magoti yalimlegea, akaanguka. Akainuka, akaenda hatua chache kama mtu aliyelewa, akaanguka tena. Rafiki zake wawili wakaruka kamba, wakamshika makwapani, wakamvusha mstari huku bweni lao zima likishangilia.

Nami nikainua bendera nyekundu. Ushindi akapewa aliyemfuata, kijana wa bweni la fulana kijani.

Jioni ile bweni zima la fulana nyekundu lilikataa chakula. Mzazi mmoja, mzee wa heshima aliyetoka mbali kwa basi, alinifuata hata penye mlango wa ofisi ya walimu akaniuliza, "Mwalimu, mtoto ametangulia mbele ya wenzake karibu mizunguko kumi na miwili, utamnyimaje chake kwa hatua ishirini?" Nilimjibu, "Mzee, ndiyo kanuni," nikaingia ndani. Jibu lile lilikuwa fupi mno kwa swali lile, na tangu siku hiyo limekuwa likiniuma. Kwa hiyo nimemwomba Bwana Mhariri anipe nafasi nijibu sawasawa, na kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha historia pamoja na kusimamia michezo, nitajibu kwa historia.

Nawapelekeni katika mwaka 1908. Sijui mwaka mwingine katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini uliokuwa na ugomvi mwingi wa kanuni za michezo kama huo. Mwaka ule mtu alifika wa kwanza asishinde, mwingine akashinda kwa kukimbia peke yake, gari lililotangulia likahesabiwa la pili, na mtu mmoja aliyezuiwa kwa miaka mingi hata kupanda ulingoni akapanda, akawa bingwa wa dunia.

JINSI LONDON ILIVYOPATA MICHEZO

Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1908 ilikuwa ifanyike Roma, nchini Italia. Lakini mwezi wa Aprili, 1906, mlima wa moto uitwao Vesuvius ulilipuka karibu na mji wa Napoli, ukaleta hasara kubwa. Waitalia walikuwa na shida ya fedha hata kabla ya hapo, basi wakajitoa. Waingereza wakakubali kuichukua kazi hiyo, ingawa muda uliobaki haukufika miaka miwili.

Wakajenga uwanja mkubwa magharibi ya London, mahali palipoitwa White City, yaani Mji Mweupe, kwa sababu majengo ya maonyesho yaliyokuwa hapo yalipakwa rangi nyeupe. Uwanja uliweza kuchukua watu wapatao 68,000. Njia ya wakimbiaji ilikuwa ndefu kuliko tuliyoizoea: mizunguko mitatu ilitimiza maili moja. Kuizunguka ilikuwako njia ya baiskeli, na katikati, penye majani, palichimbwa bwawa la kuogelea lenye urefu wa mita 100.

Wachezaji kama 2,000 walifika, kutoka mataifa 22. Wanawake hawakufika arobaini. Michezo ilianza mwezi wa Aprili ikaisha mwishoni mwa Oktoba, lakini mbio zenyewe zilifanywa Julai.

Sasa shikeni jambo moja, maana ndilo mzizi wa mambo yote: waamuzi wote walikuwa Waingereza. Wenyeji waliandika kanuni, wenyeji wakapiga filimbi, wenyeji wakashika saa, na wenyeji hao hao walikuwa na wakimbiaji wao uwanjani. Sisemi kwamba walikuwa watu waongo. Nasema kwamba wahenga walikwisha tuonya juu ya kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere. Hata ngedere akihukumu kwa haki, nani atamsadiki?

Ugomvi ulianza mapema. Katika mchezo wa kuvuta kamba, Wamarekani walikutana na timu ya polisi wa mji wa Liverpool, wakavutwa kama mzigo mtupu. Wakalalamika kwamba polisi wale wamevaa mabuti mazito, kinyume cha kanuni. Wakajibiwa kwamba hayo ndiyo mabuti ya kazi yao ya kila siku. Wamarekani wakatoka wakaenda zao. Mwisho wa mchezo ule, medali zote tatu zilichukuliwa na timu za polisi wa Uingereza.

MBIO ZA MITA 400

Tarehe 23 Julai watu wanne walipanga mstari kwa mbio za mwisho za mita 400. Mmoja alikuwa Mwingereza, Luteni Wyndham Halswelle, askari aliyewahi kupigana vita vya Afrika Kusini. Watatu walikuwa Wamarekani: John Carpenter, William Robbins na John Taylor. Siku zile njia hazikugawanywa kwa chokaa kama tufanyavyo leo. Kila mtu alikimbia alipoona panafaa.

Walipotoka katika kona ya mwisho, Carpenter alikuwa akipita mbele, na Halswelle akaja upande wa nje ampite. Waamuzi walisema kwamba Carpenter alisogea kulia, kidogo kidogo, huku kiwiko kimetokeza, hata Halswelle akabanwa karibu na ukingo wa njia. Mwamuzi akapiga kelele kwamba kuna hila, na utepe ukakatwa kabla hawajafika. Carpenter akafika kwanza, lakini hapakuwa na kitu cha kukata kwa kifua. Uwanja ukawaka kwa ubishi.

Ukisoma habari hii mara ya kwanza utadhani upande mmoja ulisema kweli na upande mmoja ulisema uongo. Mambo hayakuwa rahisi hivyo. Wamarekani kwao walizoea mbio za kusukumana kidogo, na mtu aliyefungiwa njia alitakiwa atafute njia nyingine. Waingereza kwao, kumzuia mwenzio kwa makusudi kulikuwa kosa la kukunyima ushindi. Kwa hiyo watu wanne walikimbia mbio moja chini ya sheria mbili. Ndiyo maana nawaambia kila muhula: kanuni isomwe kabla ya filimbi, wala isisomwe baada yake.

Waamuzi walimwondoa Carpenter, wakaamuru mbio zirudiwe tarehe 25 Julai, na safari hii njia zikatengwa kwa kamba. Robbins na Taylor wakakataa kurudi. Basi Halswelle akasimama peke yake penye mstari, akakimbia peke yake mbele ya maelfu ya watu, akamaliza kwa sekunde 50, akapewa medali ya dhahabu. Mpaka leo hakuna mtu mwingine aliyeshinda mbio za Olimpiki kwa namna hiyo. Haikumletea furaha. Hakuendelea na mashindano kwa muda mrefu, na mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, aliuawa kwa risasi huko Ufaransa.

Yafaa pia tumkumbuke John Taylor. Siku ile ile ya tarehe 25 Julai alikimbia katika timu ya Marekani ya mbio za kupokezana, wakashinda. Hivyo akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki. Alikuwa amehitimu mwaka ule ule masomo ya utabibu wa wanyama katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Tarehe 2 Desemba, 1908, akafa kwa homa ya matumbo, naye ana umri wa miaka 26 tu.

MTU ALIYEFIKA KWANZA ASISHINDE

Sasa nafika penye habari inayotuhusu zaidi. Tarehe 24 Julai, siku ya Ijumaa, ilikuwa siku ya marathoni. Watu 55 walianza mbio mbele ya jumba la kifalme la Windsor, wakaambiwa wakimbie hata uwanja wa White City, wamalizie mbele ya jukwaa alipokaa Malkia Alexandra. Urefu wa njia hiyo ulikuwa maili 26 na yadi 385, yaani kilomita 42 na mita 195. Kabla ya hapo marathoni haikuwa na urefu maalumu. Ile ya Athens mwaka 1896 ilikuwa kama kilomita 40. Lakini mwaka 1921 wakuu wa riadha ya dunia waliuchagua urefu ule wa London uwe ndio kanuni. Kwa hiyo kila mwanariadha wa Kenya, Tanzania au Uganda anayekimbia marathoni leo hupimiwa njia kwa kamba iliyonyoshwa mwaka 1908 kutoka jumba la mfalme mpaka jukwaa la malkia.

Siku hiyo ilikuwa ya joto kali kwa nchi ile. Wakimbiaji wa Kiingereza walitoka mbio mno, nao wakaishiwa mapema. Tom Longboat, Mhindi Mwekundu wa Kanada aliyetumainiwa sana, aliachia njiani. Charles Hefferon wa Afrika Kusini akatangulia mbali, na watu wakasadiki kwamba mambo yamekwisha. Lakini maili chache kabla ya mwisho alipewa mvinyo wa shampeni, akanywa, tumbo likamvuruga, mwendo ukapungua. Akapitwa na Mwitalia mdogo wa umbo, jina lake Dorando Pietri, wa mji wa Carpi, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza keki na mikate tamu.

Dorando aliingia uwanjani wa kwanza. Watu wakasimama. Lakini walipomtazama wakanyamaza, maana mtu yule hakuwa akijua alipo. Alianza kwa kugeuka upande usiopasa, akaelekezwa. Akaanguka. Akainuliwa, akaenda kidogo, akaanguka tena, na tena. Njia iliyobaki haikutimia mita 400, naye akaikimbia kwa muda wa karibu dakika kumi. Daktari wa mashindano, Michael Bulger, na karani wa mbio, Jack Andrew, waliogopa kwamba atakufa mbele ya macho ya malkia. Wakamshika, wakamwinua, na mwisho wakawa ubavuni mwake alipovuka mstari. Saa ilionyesha saa 2, dakika 54 na sekunde 46.

Sekunde 32 baadaye akafika Johnny Hayes wa Marekani, kijana wa miaka 22, mtoto wa wazazi waliohama Ireland. Hakushikwa na mtu. Alikuwa amejiwekea nguvu tangu mwanzo, akiwaacha wenye haraka watangulie. Bendera ya Italia ilikwisha pandishwa, lakini Wamarekani wakapeleka malalamiko, na safari hii Waingereza hawakuwa na neno la kusema. Kanuni ilikataza mkimbiaji asisaidiwe na mtu. Dorando akaondolewa, Hayes akawa mshindi, Hefferon wa pili.

Tazameni sasa jinsi moyo wa watu ulivyo. Siku ya pili Malkia Alexandra mwenyewe alimpa Dorando kikombe cha fedha kilichopakwa dhahabu. Arthur Conan Doyle, mwandishi mashuhuri wa hadithi za Sherlock Holmes, alikuwapo uwanjani, akaanzisha mchango wa kumsaidia Mwitalia yule afungue duka lake la mikate, na zikapatikana zaidi ya pauni 300. Jina la Dorando likaenda dunia nzima. Mwezi wa Novemba alikutana na Hayes huko New York, mbio zikafanywa ndani ya jengo, na safari hiyo Dorando akashinda kwa miguu yake mwenyewe. Ukiuliza watu leo, wengi watakutajia aliyeshindwa, na wachache watamkumbuka aliyeshinda.

Walakini, kikombe cha malkia hakikuwa medali. Watu wa London waliweza kutenga mambo mawili ambayo sisi muhula uliopita tuliyachanganya. Huruma ilipewa nafasi yake, na matokeo yakabaki matokeo.

KWA NINI KANUNI HII IWEKWE?

Mzee wangu aliuliza swali la haki, nami nataka kulijibu hapa. Mbio ni swali moja tu: nani kati ya hawa ataweza, kwa miguu yake mwenyewe, kutoka mstari huu mpaka mstari ule kabla ya wenzake? Hatua ishirini za mwisho ni sehemu ya swali, sawasawa na hatua ishirini za kwanza. Anayekimbia mno mwanzoni amekopa nguvu za mwishoni, na deni hulipwa pale pale uwanjani. Kama rafiki wawili waweza kumlipia, basi mwenye rafiki wengi ndiye atakayeshinda, na yule wa nyuma aliyejibana mizunguko yote, akiweka akiba, ameibiwa.

Lakini isieleweke vibaya. Kanuni haisemi kwamba mtu akianguka aachwe afe. La, hasha! Mwanafunzi akizimia kwa jua, mshikeni mara moja, mpelekeni kivulini, mpeni maji. Uhai ni kabla ya ushindi. Kanuni yasema tu kwamba ukiisha mshika, mbio zake zimekwisha. Kosa la Bulger na Andrew halikuwa kumwokoa mtu. Kosa lilikuwa kumwokoa huku wakimpeleka penye utepe. Na hilo ndilo kosa la vijana wetu wawili. Nasema hivi bila kuwalaumu, maana walifanya kwa mapenzi. Aliyekuwa wa pili siku ile alikuwa bado nyuma sana, kama mita themanini. Huenda rafiki yao angeweza kutambaa akafika. Kuna msaada unaomnyima mtu chake.

Nchi ya Tanzania ina mfano wake, nao ni bora kuliko wa Dorando. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, John Stephen Akhwari alianguka njiani, goti likaumia vibaya. Aliendelea, mguu umefungwa bendeji, akachechemea hata uwanjani, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa mwisho kati ya watu 57 waliomaliza. Hakushikwa na mtu, kwa hiyo hakuna awezaye kulifuta jina lake katika orodha ile. Na miaka 57 baadaye, mwaka 2025, huko Tokyo, Mtanzania mwingine, Alphonce Simbu, alishinda marathoni ya dunia kwa kumpita Mjerumani hatua za mwisho kabisa. Saa ya wote wawili ilikuwa ile ile, ikabidi picha ndiyo iamue. Mwulizeni Simbu kama hatua ishirini za mwisho ni kitu kidogo.

MAGARI, BESIBOLI NA NGUMI

Mwaka 1908 haukuwa wa London peke yake. Tarehe 12 Februari magari sita yalitoka New York kwenda Paris, si kwa kuvuka bahari ya karibu, bali kwa kuzunguka upande wa pili: Marekani nzima katika theluji, kisha meli hata Asia, kisha Siberia yote na Ulaya. Matatu yalikuwa ya Kifaransa, na moja moja ya Kijerumani, Kiitalia na Kimarekani. Gari la Kijerumani, Protos, lilifika Paris tarehe 26 Julai. Gari la Kimarekani, Thomas Flyer, likiendeshwa na George Schuster, likafika siku nne baadaye. Mshindi akawa yule wa nyuma, kwa sababu Protos lilibebwa juu ya treni sehemu ya njia, wala halikupitia Alaska kama ilivyotakiwa, basi likahesabiwa siku za adhabu.

Huko New York, tarehe 23 Septemba, ilikuwa zamu ya besiboli. Katika mchezo huo mpigaji akiupiga mpira, wenzake walio njiani hukimbia kutoka kituo hata kituo. Timu ya Giants ilikuwa sare na Cubs wa Chicago, dakika za mwisho. Mpira ukapigwa vizuri, mchezaji mmoja wa Giants akafika nyumbani, watazamaji wakamiminika uwanjani wakidhani mchezo umekwisha. Kijana wa miaka 19, Fred Merkle, alipaswa bado kukanyaga kituo cha pili. Naye alipoona watu wanashangilia, akageuka akaenda zake. Cubs wakautafuta mpira, wakagusa kituo, mwamuzi akafuta ushindi. Mchezo ukarudiwa Oktoba, Cubs wakashinda, wakawa mabingwa mwaka huo. Hawakuupata ubingwa tena mpaka mwaka 2016. Merkle alicheza miaka mingi na kwa ufundi, lakini watu hawakuacha kumkumbusha hatua zile chache. Ninyi mnaopunguza mwendo kabla ya mstari ili mwatazame wasichana wanaoshangilia, mmesikia?

Mwisho ni habari ya ngumi, nayo ni ya namna nyingine. Nimesifu kanuni tangu mwanzo. Haki yanilazimu niseme kwamba ziko kanuni mbovu. Siku zile bingwa wa dunia wa uzito wa juu hakupigana na mtu mweusi. Haikuandikwa popote katika kanuni za ngumi, lakini ilishikwa kuliko zilizoandikwa. Jim Jeffries, aliyekuwa bingwa mpaka mwaka 1905, alikataa waziwazi. Jack Johnson, aliyezaliwa Galveston, Texas, mwaka 1878, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, aliwashinda wapiganaji wengi lakini mlango wa ubingwa ukafungwa. Bingwa mpya alikuwa Tommy Burns wa Kanada. Johnson akamfuata Uingereza, akamfuata hata Australia, akimdai pigano. Mwishowe Burns akakubali kwa malipo ya dola 30,000. Johnson akapewa 5,000.

Walipigana Sydney tarehe 26 Desemba, 1908, mbele ya watu wapatao 20,000, karibu wote wakimzomea Johnson. Mwamuzi alikuwa mtu yule yule aliyeandaa pigano. Hata hivyo hapakuwa na la kuamua. Johnson alimpiga Burns alivyotaka, na katika raundi ya 14 polisi wakaingia wakasimamisha. Wakaanza watu kutafuta mzungu wa kumshinda, hata Jeffries akatolewa katika mapumziko yake. Naye akapigwa huko Reno tarehe 4 Julai, 1910, na siku hiyo watu wengi weusi walishambuliwa katika miji ya Marekani kwa ajili ya ushindi ule. Basi tusidanganyike kwamba kila kinachoitwa kanuni ni haki. Kanuni ya haki humwuliza mtu amefanya nini tangu mstari wa kuanzia. Kanuni ya dhuluma humzuia asifike penye mstari.

NILIYOJIFUNZA MIMI

Ugomvi wa London ulizaa mema. Mwaka 1912 mataifa yalikutana Stockholm wakaanzisha chama cha riadha cha dunia, ili kanuni ziwe moja kwa wote, na katika Michezo ya mwaka huo mbio za mwisho za mita 400 zikakimbiwa kila mtu katika njia yake. Hata ile mistari ya chokaa ambayo wanafunzi wa kidato cha kwanza hunung'unika kuichora Ijumaa jioni, asili yake ni kiwiko cha Carpenter.

Nami nina neno la kukiri. Nilipoinua bendera muhula uliopita nilikuwa na haki, na kama ningesimama pale leo ningeinua tena. Matokeo hayatabadilika. Lakini mimi ni mlezi wa bweni la fulana kijani. Kijana niliyempa ushindi hula meza ninayoisimamia. Nilikuwa ngedere katika kesi ya nyani, na bweni la fulana nyekundu halikuweza kujua kama mkono ule uliinuliwa na kanuni au na upendeleo. Mwamuzi hatakiwi awe na haki tu. Atakiwa akae mahali ambapo haki yake yaonekana. Kwa kutolitambua hilo kabla, nawaomba radhi wanafunzi wa bweni lile, na namwomba radhi mzee wangu kwa kumpa mgongo.

Nimekwisha zungumza na Mwalimu Mkuu, naye amekubali mambo matatu. Kwanza, hakuna mlezi wa bweni atakayesimama penye mstari wa kumalizia. Tutaomba walimu wa shule jirani. Pili, kanuni zitasomwa mbele ya shule nzima siku moja kabla. Tatu, mbio ndefu zitakimbiwa asubuhi, na maji yatawekwa njiani.

Yule kijana wa fulana nyekundu ameanza mazoezi tena. Namwona kila alfajiri, naye sasa huanza polepole. Siku ya mashindano nitakaa katika viti vya wazazi, sina bendera wala filimbi, na kama yule mzee atakuja, namwomba anipe nafasi karibu naye. Wahenga wamesema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Kijana wetu amekubali. Imebaki sisi wakubwa.